Barua Tatu za Udahili: Uzamili wa Masuala ya Kimataifa au MBA? Uchambuzi wa Kisa

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ni mwombaji niliyemshauri tangu rasimu yake ya kwanza ya insha hadi alipopata kazi baada ya kuhitimu. Nitamwita Zaina. Si jina lake. Nchi yake, waajiri wake na vyuo vilivyomkubali nimeviacha bila majina, na tarakimu za fedha nimezizungusha ili zisimtambulishe. Yeye mwenyewe amesoma andiko hili na kuridhia litoke.

Nimekichagua kwa kuwa kila msimu wa maombi hukutana na watu wenye swali lile lile: nisome masuala ya kimataifa au biashara? Wengi hulijibu kwa kulinganisha majina ya vyuo. Zaina naye alianza hivyo, akaacha, akatafuta njia nyingine. Njia hiyo ndiyo inayofaa kuchunguzwa, pamoja na mahali ilipomkwamisha.

Usuli

Alipoanza maombi, mwishoni mwa 2022, Zaina alikuwa na umri wa miaka 29. Alikuwa na shahada ya kwanza ya uchumi, miaka miwili ya kazi ya uchambuzi wa mikopo katika benki ya biashara, na mingine mitatu katika shirika lisilo la kiserikali lililoandaa miradi midogo ya umeme wa jua ili ipate wawekezaji. Alikuwa akizungumza Kifaransa vizuri, jambo ambalo hakulitaja popote katika rasimu ya kwanza.

Rasimu hiyo ilisema anataka kuchangia ushirikiano wa kimataifa ulio wa haki. Sentensi kama hiyo haimkwazi mtu, wala haimwambii msomaji wa maombi chochote. Nilimuuliza anataka kuketi katika chumba gani, na katika chumba hicho wanaamua nini. Jibu lilichukua muda kupatikana, lakini lilipokuja lilikuwa wazi: alitaka kuwa kwenye timu inayoamua mradi upi wa nishati upate fedha na kwa masharti gani. Kwa miaka mitatu alikuwa ameandika mapendekezo ya miradi yaliyokataliwa na watu ambao hakuwahi kuwaona, na alitaka kujua wanatazama nini.

Chumba hicho kipo, na kina anwani. Ni taasisi za fedha za maendeleo: IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia linalowekeza katika sekta binafsi tangu 1956, British International Investment ya Uingereza, iliyoanza 1948 kwa jina jingine na kuchukua jina la sasa 2022, FMO ya Uholanzi, ya 1970, Proparco ya Ufaransa, ya 1977. Zinakopesha na kununua hisa katika miradi ambayo benki za kawaida huiogopa. Kazi zake ziko katikati kabisa ya fani mbili alizokuwa akizilinganisha. Wanaofanya maamuzi ya uwekezaji wanahitaji kuijenga modeli ya fedha ya mradi, yaani hesabu ya makadirio ya mapato na gharama zake, na kuitetea. Wanaoandika sera, wanaopima athari kwa jamii na mazingira, wanaozungumza na serikali, wanahitaji mambo mengine. Jengo ni moja lakini milango ni miwili.

Inasaidia kukumbuka programu hizi zilitoka wapi. Shule nyingi za masuala ya kimataifa zilizaliwa katika kivuli cha vita kuu mbili, kwa ajili ya kuandaa wanadiplomasia na watumishi wa mashirika ya kimataifa: ile ya Georgetown 1919, taasisi ya Geneva 1927, Fletcher 1933, SAIS ya Johns Hopkins 1943. MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara) ya kwanza, ya Harvard, ilianza 1908 kwa ajili ya mameneja wa kampuni. Asili hiyo bado inaonekana. Upande wa kwanza waajiri wametawanyika, na wengi huajiri nafasi inapotokea. Upande wa pili waajiri wakubwa huja chuoni kwa kalenda, wakachukua watu kwa makundi. Mipaka nayo imeingiliana zamani sana: shule ya Thunderbird ilianzishwa 1946 mahususi kwa biashara ya kimataifa, na SAIS imekuwa na mpango wa shahada pacha, yaani shahada mbili zinazosomwa kwa pamoja, na shule za biashara kama Wharton na INSEAD. Kwa hiyo jina la shahada peke yake halikuambii utafundishwa nini.

Mfululizo wa matukio

Zaina aliomba programu tano: tatu za masuala ya kimataifa na mbili za MBA. Alifanya mtihani wa GRE kwa kuwa unapokewa na pande zote mbili. Hapo alitumia akili, maana aliokoa gharama na miezi ya maandalizi. Kwenye insha mambo hayakwenda vizuri hivyo. Muda ulimbana, akachukua insha aliyoiandikia shule ya masuala ya kimataifa, akabadilisha aya ya mwisho, akaituma kwenye shule ya biashara. Insha za upande wa kwanza huuliza unaionaje dunia na tatizo gani unataka kulishughulikia. Za MBA huuliza wewe ni nani unapoongoza watu, ulikosea wapi, uliamua nini. Shule moja ya biashara ilimkataa bila hata kumwita kwenye mahojiano. Nyingine alikuwa ameiandikia upya kutoka mwanzo, na ilimkubali.

Kufikia Machi 2023 alikuwa na barua tatu mkononi.

Barua A ilitoka shule ya masuala ya kimataifa mjini Washington: miaka miwili, ufadhili wa nusu ya ada, jibu litolewe kabla ya tarehe 15 Aprili. Barua B ilitoka shule ya biashara barani Ulaya: MBA ya mwaka mmoja inayoanza Agosti, bila ufadhili wowote, na amana ya kushika nafasi isiyorudishwa ilipwe kabla ya mwisho wa Machi. Barua C ilitoka chuo kikuu kimoja mjini London: uzamili wa uhusiano wa kimataifa wa mwaka mmoja, bila ufadhili, ada ndogo kuliko zote.

Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua orodha za ubora wa vyuo. Alitengeneza jedwali, akaweka nafasi ya kila chuo, akajaribu kupata mshindi. Jedwali hilo halikuwa na maana, na sababu yake inapaswa kusemwa waziwazi. Orodha ya MBA ya Financial Times, inayotolewa tangu 1999, inaupa uzito mkubwa mshahara wa wahitimu miaka mitatu baada ya kumaliza, na kiasi ulivyoongezeka. Orodha ya jarida la Foreign Policy kwa shule za masuala ya kimataifa imejengwa juu ya maoni ya wasomi wa fani hiyo. Moja inapima mifuko ya wahitimu, nyingine inapima heshima ya shule miongoni mwa maprofesa. Hakuna kimojawapo kinachopima nafasi ya mtu kama Zaina kuingia kwenye timu ya uwekezaji ya taasisi ya fedha za maendeleo.

Alilitupa jedwali, akageuza utafutaji. Badala ya kuanza na vyuo na kuangalia wahitimu wameishia wapi, alianza na viti. Alitafuta kwenye LinkedIn watu wanaoshika nafasi aliyoitaka katika taasisi nne, wale wa ngazi ya kuanzia, akasoma walipopita kabla ya hapo. Kisha aliwaandikia baadhi yao ujumbe mfupi wenye maswali matatu tu: ulipataje kazi hii, uliiomba mwezi gani wa masomo, na ulikuwa na kibali gani cha kufanya kazi? Wengine hawakujibu. Waliojibu walijibu kwa ukarimu, labda kwa sababu hakuwaomba wamtafutie kazi.

Alichokiona kilimshtua. Shahada za uzamili za watu hao zilikuwa mchanganyiko, MBA na masuala ya kimataifa karibu sawa. Walichofanana ni kazi waliyoifanya kabla ya uzamili: benki, ukaguzi wa hesabu, ushauri elekezi. Waliotoka shule za masuala ya kimataifa bila msingi huo walikuwa wengi katika idara za sera na tathmini ya athari. Na wale wachache waliotoka shule hizo na kuingia kwenye uwekezaji walikuwa wamefanya mafunzo kwa vitendo mahali hapo hapo, kiangazi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Hoja hiyo ya kiangazi ilibadilisha hesabu yote. Programu ya miaka miwili ina kiangazi kimoja katikati. MBA ya mwaka mmoja inayoanza Agosti haina. Unaingia, unasoma mfululizo, unatoka. Kwa mtu anayerudi kwenye fani ileile hilo si tatizo. Kwa anayehama, kiangazi ndicho kipindi cha majaribio, kwake na kwa mwajiri.

Hesabu ya fedha

Nusu ya ada kufutwa inasikika kama ushindi mkubwa, na wengi huishia hapo. Zaina alipiga hesabu yote. Kwa barua A, ada iliyobaki kwa miaka miwili ilikuwa dola 58,000, na gharama za kuishi Washington kwa muda huo dola 60,000, jumla 118,000. Akiba yake ilikuwa dola 20,000. Deni lingekuwa 98,000. Kwa barua B, ada ilikuwa dola 100,000 na kuishi dola 25,000; deni lingekuwa 105,000. Tofauti ya deni ni dola 7,000 tu. Na kwa kuwa A ingemchukulia mwaka mzima zaidi bila mshahara, mwaka uliokuwa na thamani ya kama dola 14,000 kwa kipato chake cha wakati ule, ile programu yenye ufadhili ndiyo iliyokuwa ghali zaidi, kwa dola 7,000.

Barua C? Ada dola 30,000, kuishi dola 20,000, deni dola 30,000. Nitairudia baadaye.

Kulikuwa pia na suala la nani atakopesha. Hakuwa na mdhamini katika nchi anakokwenda kusoma, na benki za huko mara nyingi hudai mdhamini. Wapo wakopeshaji wa kimataifa wanaoangalia kipato kinachotarajiwa badala ya mdhamini, lakini wana orodha zao za vyuo na programu, na riba yao ni ya juu. Programu A na B zote zilikuwa kwenye orodha ya mkopeshaji mmoja. Aliliangalia hili kabla ya kukubali udahili, hatua ambayo nawasihi waombaji wote waichukue mapema, kwani nimeona watu wakikubali nafasi kisha wakabaki wanahangaika mwezi Julai.

Uamuzi na sababu zake

Machi ilikuwa inakwisha. Shule ya B ilitaka amana wiki mbili kabla ya A kutaka jibu. Zaina aliilipa, akijua kwamba fedha hiyo huenda ikapotea.

Wapo wanaosema hilo si sawa. Maoni yangu ni tofauti. Amana isiyorudishwa ni bei ambayo shule yenyewe imeiweka ili ikushikie kiti, na kuilipa hakumfungi mtu kuhudhuria. Kisichofaa ni kukaa na nafasi mbili miezi mitatu huku kuna wengine kwenye orodha ya kusubiri. Yeye aliiachia ile moja siku aliyoamua. Wiki mbili alizozinunua zilimpa nafasi ya kufanya mambo mawili ambayo bila hayo angeamua kwa woga.

Kwanza, alijadiliana. Tarehe 15 Aprili haikuwekwa kiholela. Vyuo vingi vya Marekani vimetia sahihi azimio la Council of Graduate Schools linalosema mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya siku hiyo. Maana yake ni kwamba katika wiki za mwanzo za Aprili fedha zilizokataliwa na wengine huwa zinarudi kwenye kapu. Zaina aliiandikia ofisi ya udahili ya A barua ya aya tatu: anaipenda programu, ana nafasi nyingine ya mwaka mmoja, na hesabu yake inaonyesha pengo hili hapa, kwa tarakimu. Hakulia shida wala hakutisha. Waliongeza dola 8,000 kwa kila mwaka. Deni la A likashuka hadi 82,000, na hata ukiongeza mshahara wa mwaka uliopotea, A sasa ilikuwa nafuu kuliko B kwa dola 9,000. Aliiandikia B pia. Walijibu kwa adabu kwamba mfuko wa ufadhili umekwisha.

Pili, alichunguza kibali cha kazi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, Marekani hupata miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, na mingine 24 iwapo programu yake imeorodheshwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kinachoamua ni namba ya uainishaji iliyoandikwa kwenye hati za shahada. Jina lake halihesabiwi. Uchumi wa kitakwimu umo kwenye orodha hiyo. Uhusiano wa kimataifa haumo. Shule kadhaa za biashara zimepata namba inayoruhusu, kupitia sayansi ya menejimenti. Programu ya A haikuwa nayo. Alikuwa na miezi 12 tu. Lakini waliomjibu walimweleza jambo lililompunguzia hofu: waajiriwa wa mashirika ya kimataifa kama IFC huishi Marekani kwa viza ya G-4, nje kabisa ya bahati nasibu ya viza za kazi za kawaida. Kwa lengo lake mahususi, miezi 12 ilikuwa pungufu lakini haikuwa mwisho wa njia. Upande wa B, Ufaransa na baadhi ya nchi jirani hutoa kibali cha miezi 12 cha kutafuta kazi kwa wahitimu wa uzamili.

Alichagua A. Sababu zake aliziandika kwenye ukurasa mmoja ambao ninao: kiangazi cha katikati, ukaribu na mwajiri anayemlenga, deni dogo kuliko la B, na ruhusa ya kuchukua kozi katika shule ya biashara ya chuo hichohicho. Akajiwekea sharti: kila muhula kozi moja ya fedha, hata kama alama zitashuka.

Shahada pacha aliifikiria pia, akaiacha. Ingehitaji kukubaliwa na shule mbili kwa maombi mawili tofauti, na mwaka wa tatu wa ada.

Matokeo

Muhula wa kwanza ulimkatisha tamaa. Kozi za lazima, yaani uchumi, nadharia ya uhusiano wa kimataifa na lugha, zilijaza ratiba kuliko kitabu cha kozi kilivyoonyesha. Ile kozi ya fedha za miradi iliyomvutia tangu mwanzo iligawiwa kwa mnada wa pointi, ambapo kila mwanafunzi hugombea kiti kwa pointi alizopewa, na wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa na pointi nyingi kuliko yeye. Hakuipata. Kozi za shule ya biashara zilikuwa wazi kwake kwa maandishi, lakini viti vilitolewa kwanza kwa wanafunzi wa MBA.

Kisha aligundua kalenda. Benki kubwa za uwekezaji huajiri wanafunzi wa kiangazi mapema sana, kuanzia miezi ya mwanzo ya mwaka wa kwanza, na kwa nafasi hizo hutazama hasa MBA. Alipokuwa bado anatafuta chumba cha kupanga, wenzake wa shule ya biashara walikuwa tayari kwenye karamu za waajiri. Ofisi ya ajira ya shule yake ilikuwa na watu wema, lakini hawakuwa na mfumo kama ule. Alipiga moyo konde, akarudi kwa wale waliomjibu mwaka uliopita. Mmoja alimwambia idara yake inahitaji mtu anayesoma mikataba kwa Kifaransa. Hivyo ndivyo alivyopata mafunzo ya kiangazi cha 2024 katika kampuni ya ushauri wa miradi ya nishati, iliyokuwa ikifanya kazi na taasisi alizozilenga. Lugha aliyoisahau kwenye insha ndiyo iliyomfungulia mlango.

Mwaka wa pili ulikwenda vizuri. Alipata kozi ya fedha za miradi, akajifunza kujenga modeli kamili, akawa msaidizi wa utafiti wa profesa.

Alihitimu Mei 2025, wakati mbaya kupita kiasi. Januari ile serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai USAID, shirika lake la misaada lililokuwepo tangu 1961, lilifunga shughuli zake na mabaki yake kuhamia Wizara ya Mambo ya Nje. Machi Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza mpango wa UN80 wa mageuzi na kubana matumizi, na ajira zikawa ngumu huko pia. Wenzake wengi waliokuwa wamelenga mashirika ya misaada walipoteza ahadi za kazi walizokuwa nazo. Nilizungumza na baadhi yao. Walikuwa wamefanya kila kitu walichoambiwa wafanye, na inauma kuona hivyo.

Zaina alipata mkataba wa ushauri wa muda mfupi katika taasisi moja ya fedha ya kimataifa, aina ya mkataba ambao una kikomo cha siku za kazi kwa mwaka wa fedha. Benki ya Dunia, kwa mfano, kikomo chake ni siku 150. Haukuwa na bima nzuri wala uhakika. Miezi kadhaa baadaye aliajiriwa kama mchambuzi wa uwekezaji katika taasisi ya fedha za maendeleo barani Ulaya. Amekalia kiti alichokitaka, ngazi moja chini ya wenzake walioingia na MBA na uzoefu wa benki wa miaka mingi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuanza na kiti. Si ushauri mpya, lakini watu huufuata nusunusu: hutazama mhitimu aliyefanikiwa, wakadhani shahada ndiyo iliyombeba. Zaina alitazama pia kilichotangulia shahada, akagundua kwamba miaka yake miwili ya benki, ambayo aliiona kama doa kwenye simulizi ya kutaka kuibadili dunia, ndiyo iliyokuwa mali yake kubwa. Mtu asiye na miaka hiyo, akiwa na lengo lilelile, ningemsukuma kuelekea B. MBA ingempa msingi wa fedha, na pia jina ambalo mwajiri wa sekta hiyo analitambua haraka. Aliyenayo tayari anaweza kutumia uzamili kupata lugha ya serikali, sera na nchi, ambayo wana benki wengi hawana.

Majadiliano na maswali ya kibali cha kazi yalifanyika kwa wakati. Barua ile ya aya tatu ilimwokolea dola 16,000 kwa kazi ya jioni moja.

Yaliyokwama yana mzizi mmoja. Zaina aliisoma programu kama ilivyoandikwa, hakuisoma kama inavyoendeshwa. Kitabu cha kozi huorodhesha kila kozi iliyowahi kuidhinishwa. Ratiba halisi ya muhula uliopita huonyesha zipi zilifundishwa, na mwanafunzi wa mwaka wa pili atakwambia zipi hazipatikani. Vivyo hivyo ruhusa ya kuchukua kozi shule jirani: swali la kuuliza si kama inaruhusiwa, ni wanafunzi wangapi wa programu hii walipata kiti mwaka jana. Wahitimu aliowaandikia walijibu vizuri kuhusu kazi. Kuhusu masomo hakuwauliza.

Kuanguka kwa sekta ya misaada lilikuwa jambo kubwa kuliko uamuzi wa mtu mmoja. Hata hivyo udhaifu wenyewe ulikuwa unaonekana: fani ambayo waajiri wake wakuu wanategemea bajeti za serikali chache hubadilika kwa uchaguzi mmoja. Zaina aliokolewa na upande aliousogelea, kwani taasisi za uwekezaji hurudishiwa mikopo yao na kupata faida, haziishi kwa ruzuku ya kila mwaka pekee. Lakini hakuuchagua upande huo kwa kufikiria hatari hiyo. Aliuchagua kwa kuupenda.

Na sasa barua C. Naona iliwekwa kando haraka mno, ndani ya siku moja, kwa sababu mbili: ilikuwa ya mwaka mmoja, na masomo yake yalielemea nadharia na tasnifu. Zote ni za kweli. Lakini kibali cha wahitimu cha Uingereza, kilichoanza Julai 2021, kilikuwa kinampa miaka miwili ya kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, mara mbili ya alichopata Washington. London ni makao ya British International Investment na ya mifuko mingi ya uwekezaji wa nishati. Mwaka aliouokoa angeweza kuutumia katika kazi ya kuanzia kwenye kampuni ya ushauri, akijifunza modeli za fedha kwa mshahara badala ya kwa ada. Kiangazi cha mafunzo asingekuwa nacho, na mtandao wa watu ungekuwa mdogo. Ila angehitimu mwishoni mwa 2024, kabla soko halijaporomoka.

Nilimuuliza Zaina kuhusu hili hivi karibuni. Alisema asingekubali kuukosa mwaka wa pili na yule profesa, kisha akatoa simu na kunionyesha hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe: kwa kiasi anachoweza kulipa kila mwezi sasa, deni la A litaisha baada ya takriban miaka tisa, la C lingeisha chini ya mitatu.